Nyama Nje, Bibi Ndani

Verediana aliamka amechoka. Siku hizi aliamka hivyo kila asubuhi. Alikamua ng'ombe, akafagia zizi, akachota maji. Jua lilikuwa bado halijapanda vizuri juu ya kijiji cha Masieda. Wanaosema mkulima hana bosi, waje wamuulize Verediana. Ng'ombe ni bosi. Mahindi ni bosi. Na sasa mume wake, Tadeo, alikuwa amechinja nguruwe, kwa hiyo nyama nayo ikawa bosi.

Nyumba yao haikuwa na friji. Nyama nyingine waliiuza, nyingine wakawagawia majirani kama kawaida. Iliyobaki walikata vipande, wakatundika juu ya mafiga jikoni ikauke kwa moshi. Jiko lao lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba kubwa. Humo ndimo alimolala Bibi Rogathe, mama yake Tadeo.

Verediana alisukuma mlango. Moshi ulimpiga usoni, machozi yakamtoka. Bibi Rogathe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Wewe umelala?"

"Nimelala vizuri," alisema bibi. Kisha kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akainama na kushika magoti.

Verediana alimpa maji ya moto, huku moyo umejaa hofu na hasira pamoja. Nesi wa zahanati alikuwa amewaambia wazi kwamba moshi unamharibia bibi kifua. Asipolala mahali penye hewa safi, hali itazidi kuwa mbaya. Bibi aliitikia vizuri mbele ya nesi. Aliporudi nyumbani, alinyoosha moja kwa moja jikoni.

"Mama, hamia nyumba kubwa," alisema Verediana. "Kitanda kipo."

"Huko kuna baridi. Hapa nina moto wangu."

"Na kifua?"

"Kifua ni changu pia," alijibu bibi, akasukuma kuni mbele.

Verediana alitoka bila kusema zaidi. Maneno hayo walikuwa wameyarudia mpaka yamemchosha. Mzee ana kichwa kigumu huyu, alijisemea. Alimkuta Tadeo akinoa jembe.

"Baba Eva, nyama itoke jikoni," alimwambia. "Kukiwa na nyama, moto hauzimwi usiku. Moto ukizimwa, mama atahama mwenyewe. Tutafute pipa la kukaushia nyama huko nje."

"Hilo tu?" alisema Tadeo. "Niachie mimi."

Tadeo akisema niachie mimi, mkewe huanza kuwa na wasiwasi. Tadeo alisafiri mpaka Mogitu kwa rafiki yake Nicodemo, mfugaji mwenye ng'ombe wengi. Alirudi na pipa kubwa la chuma juu ya lori la vitunguu. Walilishusha watu wanne. Tadeo alilipiga kofi kwa furaha.

"Hili linaingia nguruwe mzima! Na Nicodemo kanipa bure."

"Lilikuwa na nini?" aliuliza Verediana.

"Dawa ya josho. Ya kuogeshea ng'ombe, kupe wafe. Lakini nimelisugua kwa sabuni na mchanga. Ona linavyong'aa."

Wakati huo jirani yao Paskalina alikuwa anapita njiani. Paskalina hukausha nyama kwa moshi na kuwapelekea wateja wake Dongobesh. Ni mama mcheshi, lakini jambo la hatari huwa halifanyii mzaha. Aliinama, akanusa ndani ya pipa, akarudi nyuma haraka.

"Shemeji, unataka kuua kupe au kuua watu?"

"Nimeliosha!" alisema Tadeo.

"Sabuni haiondoi dawa hii. Imeingia kwenye kutu na kwenye mikunjo ya chuma. Ukiwasha moto, inatoka na moshi na kukaa kwenye nyama. Mtakula nyinyi, atakula mtoto, atakula bibi."

Tadeo alilishika pipa ukingoni. Kisha akasema polepole, "Basi niliwekee maji."

"Hata maji usiweke! Wala mahindi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukiona pipa zima, tunasahau lilibeba nini. Litoboe, asije mwingine akalichukua. Halafu muulize afisa mifugo wapi pa kulipeleka."

Tadeo aliketi juu ya jiwe. Safari yote ile, na kumbembeleza dereva wa lori, imekuwa kazi bure. Verediana alitaka kumcheka, lakini hata kucheka kunahitaji nguvu.

"Sasa tununue lipi?" aliuliza.

"Kabla ya kununua, nijibuni," alisema Paskalina. "Mkichinja, mnabakiza nyama kiasi gani ya kukausha?"

"Ndoo moja hivi. Mara chache inazidi."

"Nani atakaa na moto?"

"Mimi," alisema Verediana. "Nani mwingine?"

"Basi mnahitaji pipa dogo. Pipa kubwa linakula kuni nyingi na moto wake unasumbua. Anayeanza huunguza nyama nje, ndani ikabaki mbichi. Kuna watu wanajenga tanuri la matofali. Ni zuri, ila ni la mtu wa biashara, na likijengwa mahali pabaya halihamishiki. Anzeni na pipa dogo lililobeba mafuta ya kula. Muulizeni muuzaji, na msipopata jibu la kueleweka, liacheni."

"Na hilo la mafuta ya kula linatumika hivyo hivyo?" aliuliza Tadeo. Safari hii aliuliza kabla ya kutenda, na mkewe aliliona hilo.

"Kwanza lichome moto mkali likiwa tupu, mpaka rangi na mafuta ya zamani viishe. Fundi akate mlango mdogo chini wa kuwekea moto, na atoboe matundu ya hewa. Juu apitishe nondo za kutundikia nyama. Katikati aweke bamba la chuma lenye matundu, ili mafuta yasidondokee moto ukalipuka. Halafu mfuniko unaofunga vizuri, wenye tundu la kutolea moshi. Lakini bamba na waya wa kufungia nyama visiwe vyenye zinki kama mabati. Ile rangi ya fedha ikipata moto mkali inatoa sumu."

"Kuni je?" aliuliza Verediana. "Sisi tuna mikaratusi tu hapa."

"Mkaratusi pikieni makande. Kwenye nyama unaleta uchungu. Tumieni mgunga mkavu, au magunzi ya mahindi. Si yamejaa ghalani? Moshi ukiwa mzito na mweupe, fungua hewa. Unaotakiwa ni moshi mwembamba."

Paskalina alisimama kwenda zake, kisha akageuka.

"Na jambo moja, shemeji. Moshi hauponyi nyama mbaya. Mnyama aliyekufa mwenyewe hafai, hata ukimkausha mwezi mzima. Chinja mzima, apimwe na mkaguzi, na ukaushe siku hiyo hiyo. Kata vipande vyembamba, paka chumvi, visigusane. Na kabla ya kula, muichemshe mpaka iive kabisa."

Tadeo alilitoboa pipa la josho kwa sururu. Alilipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baadaye alipata pipa dogo la mafuta ya kula Dongobesh, na fundi akalikata kama Paskalina alivyosema. Walilisimamisha juu ya mawe, mbali na nyumba na mbali na nyasi, upande ambao upepo hauleti moshi nyumbani.

Walipochinja tena, nyama ilipimwa, ikakatwa, ikapakwa chumvi, ikaingia kwenye pipa asubuhi. Verediana aliweka magunzi kidogo kidogo. Alikwenda bustanini, akarudi, akaongeza. Mwanzoni moshi ulikuwa mzito, akafungua hewa, ukatulia. Jioni nyama ilikuwa imekauka, ina rangi nzuri ya kahawia.

Bibi Rogathe alikuja polepole na fimbo yake. Alilizunguka pipa.

"Usiku nani atakaa na hii nyama?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Tunazima moto, tunafunga mfuniko, tunaweka jiwe juu. Paka hafiki. Imekauka vya kutosha isioze, kesho tunamalizia."

"Hakuna wa kuamka?"

"Hakuna."

Bibi aliugonga mfuniko kwa fimbo. Kisha akasema, "Basi leo nitalala nyumba kubwa."

Verediana alishangaa. "Si ulisema huko kuna baridi?"

"Baridi ipo. Mtanipa blanketi." Bibi aliangalia chini. "Mwanangu, nilikuwa nalinda nyama. Moto ukizidi, nyama inaungua. Ukizimika, inaoza. Paka naye hana adabu. Ningelala mimi, ungeamka wewe. Na wewe nilikuona unapika ugali umesinzia, mwiko mkononi. Nikasema, mimi mzee, usingizi wangu ni mdogo. Acha nikae."

Miezi yote Verediana alimwita mkaidi moyoni mwake, kumbe bibi alikuwa akikohoa kwa ajili yake. Alilia pale pale mbele ya pipa, na safari hii machozi hayakuletwa na moshi.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ungenikatalia."

Tangu siku hiyo Bibi Rogathe analala nyumba kubwa. Kikohozi hakijaisha chote, maana kifua kilichozoea moshi hakiponi haraka. Lakini sasa anamaliza salamu bila kukatizwa, na nesi alipomsikiliza kifua mara ya mwisho alitabasamu. Nyama nayo haiozi, hata bila mlinzi.

Verediana bado anachoka. Pipa halikamui ng'ombe wala halichoti maji. Juzi alikuwa amesimama karibu na pipa, ameegemea ukuta wa zizi, macho yanafumba yenyewe. Bibi alitoka jikoni amebeba kigoda chake. Aliangalia upepo unakotoka, akakiweka upande usio na moshi.

"Kaa," alisema.

"Mama, kigoda ni chako."

"Nimekuambia kaa. Magunzi nitaweka mimi, nikiwa upande huu huu."

Verediana alikaa. Aliegemeza kichwa ukutani, akalala mchana kweupe, na hakuna aliyemwamsha.