Mbao Sita za Mninga

Nilikwenda karakana kuchukua mabenchi tu. Ilikuwa Alhamisi, mwaka 1975, jua linazama, na kesho yake ilikuwa arobaini ya binti yangu Mwanajuma. Watu wangekuja kusoma hitma nyumbani kwetu Ng'ambo, na mke wangu Zamda alikuwa ameniuliza, "Baba Mwanajuma, wageni watakaa wapi? Juu ya machozi yangu?" Nikachukua mkokoteni, nikaenda.

Mimi ni Shomari, fundi seremala wa ushirika wa mafundi hapa Tabora. Babu yangu alitengeneza masanduku ya misafara iliyokuwa ikipita kwenda Ujiji. Baba yangu alitengeneza milango. Mimi vitanda, na siku hizi madawati ya shule za vijiji vya ujamaa. Mbao nazijua kuliko ninavyowajua watu, na ujuzi huo ndio ulioniponza.

Mwanajuma alikuwa mtoto wetu wa pekee. Miaka kumi na tisa, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mcheshi, mbishi. Tangu mdogo alishinda na mimi karakana. Nilimfundisha kupima ukavu wa mbao kwa kugonga na kifundo cha kidole: ubao mbichi hujibu kwa sauti nzito, ubao mkavu hulia. Yeye aligonga mara tatu, ko, ko, ko, halafu anatega sikio. "Bado huu, Baba. Umeshiba maji kama wewe ulivyoshiba pilau siku ya Idi." Mtoto yule!

Nilikuwa na mbao sita za mninga kutoka Igalula. Miaka minne nilizikausha kivulini, nimezipanga na vijiti katikati ili upepo upite. Mninga uliokaushwa hivyo haupindi, haupasuki, na mchwa akiuonja anatema. Zilikuwa za kitanda chake cha harusi. Posa ilikuwa imeshakuja.

Homa ilimchukua kwa siku tatu.

Siku tatu!

Mazishi yetu hayangoji. Mzee Mabruki, mchimba kaburi, alipima urefu wa marehemu kwa uzi, akafunga fundo, akaniletea nikate mbao za kufunikia mwanandani, zile zinazomkinga maiti asiangukiwe na udongo. "Mbao zozote nyepesi, fundi," akasema. "Na zisipakwe kitu. Mbao za kaburi zinatakiwa zioze, udongo umpokee mtu wake."

Nilimsikia. Wallahi nilimsikia vizuri.

Lakini nimfunike mwanangu kwa mbao za sanduku la sabuni? Mchwa wa Tabora mnawajua nyinyi? Nikazikata zile mbao za mninga, zote sita. Halafu nikafungua debe la dawa nyeusi ya kuzuia nguzo zisioze, aliloniachia rafiki yangu Hilari, msimika nguzo za simu. Nikapaka upande huu, nikapaka upande ule, nikapaka mpaka ncha za mbao, huku nalia. Makaburini nikamdanganya Mabruki kwamba ni mbao za zamani, zimekuwa nyeusi zenyewe. Alinusa, akanitazama, akazipokea. Haikuwa saa ya kubishana na mfiwa. Uzi nikautupa kaburini kwa mkono wangu, maana kwa desturi yetu uzi uliompima marehemu haurudi mjini.

Sasa... ile jioni ya mabenchi.

Karakana ilikuwa tupu, wenzangu wameshakwenda msikitini. Niliinua benchi la kwanza, harufu ikanipiga puani. Dawa ya nguzo. Debe lile nililimaliza siku ya msiba, nikalitupa mbali.

Ko. Ko. Ko.

Nikaliweka benchi chini. Mlio ulitoka nyuma ya rundo la mbao... pale alipokuwa akisimama kila siku.

"Nani?"

Nikasikia mtu anavuta pumzi, kwa shida, kama aliyejifunika blanketi usoni.

"Baba."

Lahaula! Alisimama penye giza, kajifunika nguo nyeupe gubigubi, uso siuoni. Mkono mmoja tu ulikuwa nje. Vidole vyeusi. Vifundo vimechubuka mpaka ndani.

"Mama," nilinong'ona, maana ndivyo nilivyozoea kumwita. "Umefuata nini huku?"

"Wamekuja kunipokea, Baba, waliotutangulia. Bibi yupo nje, namsikia. Anabisha hodi... na mimi nabisha." Akainua mkono, akagonga hewani. Ko. Ko. Ko. Ulilia ubao mkavu, mkavu kabisa. "Haufunguki."

"Nilitaka mchwa wasikuguse, mwanangu."

"Najua." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Toa ubao mmoja, Baba. Mmoja tu."

Nikanyoosha mkono nimshike. Adhana ya magharibi ikalia, na mkono wangu ukagusa ukuta.

Juu ya benchi palikuwa na uzi wenye fundo. Umelowa udongo, unanuka dawa.

Nilikimbia na uzi ule hadi kwa Mzee Mabruki. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, fundi. Mbona unahema?" Nikamweleza yote, hata uongo niliomwambia makaburini. Aliugeuza uzi mkononi.

"Pengine hukuutupa," akasema. "Mfiwa hana akili yake. Uliuweka mfukoni ukasahau."

"Na udongo huu?"

Akanirudishia uzi.

"Tukamfungulie, mzee. Ubao mmoja tu."

"Kaburi halifukuliwi, Shomari. Haramu. Sitakushikia jembe, wala hakuna atakayekushikia." Sauti yake ikalainika. "Nilikwambia zisipakwe kitu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kamwombee dua."

Usiku ule nilimwambia Zamda. Nilitegemea anipige, na ningefurahi. Aliuliza jambo moja tu: "Zitakaa muda gani?"

Hilari alikwisha kuniambia kwamba nguzo iliyopakwa dawa ile hukaa ardhini miaka arobaini, na hiyo ni nguzo ya mti wa kawaida. Yangu ni mninga, na niliukausha vizuri. Katika maisha yangu sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Sasa nina miaka sitini na mitatu. Kila jua likizama, mlango wa chumba chetu unagongwa mara tatu. Majirani wanasema ni mbao inayopoa baada ya joto la mchana, na ni kweli, mbao hulia inapopoa. Mimi fundi, nalijua hilo. Lakini mbao inayopoa hainuki dawa.

Nimeacha wasia kwa wenzangu wa ushirika. Nizikwe ubavuni mwake. Mimi wanifunike kwa mbao za sanduku la sabuni, zisipakwe hata mafuta. Masika mawili zitakuwa zimeoza. Hapo nitakuwa nje ya mlango wake, na mlango ule niliutengeneza mimi, najua ubao upi unatangulia kutoka.

Jioni hii amegonga tena. Zamda aliinuka kitandani, akagonga ubao wa mlango mara tatu kwa ndani, akaweka shavu pale.

"Subiri kidogo, mama," akasema. "Baba yako anakuja."