Msumari wa Mwisho wa Babu Randa

"Dada, samahani, hapo hapaguswi," mwongoza wageni alisema.

Fundi hakusikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, ghorofa ya tatu ya jumba la makumbusho, kidole kimegota kwenye doa jeusi lisilozidi kifungo cha shati. Chini yake ngazi ilizunguka mara tatu hadi sakafuni bila nguzo hata moja ya kuishikilia, kama moshi uliopanda ukasahau kutawanyika. Mwanga wa dirisha la paani uliteremka kidato kwa kidato. Watalii waliopiga kelele ufukweni asubuhi, humu ndani walinong'ona.

Mchumba wake, mwalimu wa historia, alikuwa ameshika reli ya ngazi kwa mikono miwili. Likizo hii ya kisiwani ilikuwa wazo lake: siku nne, makumbusho mawili, nyumba moja ya utamaduni, kisha warudi wafunge ndoa Jumamosi. Fundi alikuwa amelalamika njia nzima kwamba vyungu vilivyopasuka hata kwao vipo.

"Mwalimu," alisema sasa. "Babu hakuwa mwongo."

Mwalimu aliijua hadithi. Babu yake Fundi, ambaye watu walimwita Babu Randa, alivushwa kuja kisiwani ujanani kujenga ngazi katika nyumba ya mwenye mashamba. Alirudi baada ya miaka mitatu na kichwa cha nyundo ya mbao kisicho na mpini. Mpini wake wa mpingo, alisema, ameuchonga kuwa msumari wa mti na kuupigilia kwenye kidato cha mwisho, kwa sababu kazi kubwa inastahili kubaki na chombo kilichoifanya. Alisema pia kwamba siku ngazi ilipokamilika alikatazwa kuipanda, akatolewa kwa mlango wa jikoni. Wajomba walimcheka mpaka akaingia kaburini. Ngazi isiyo na nguzo! Mzee anatia chumvi. Fundi peke yake ndiye aliyerithi kile kichwa cha nyundo, pamoja na ule mtindo wa kumalizia kazi. Hata kitanda chao cha ndoa, alichokichonga mwenyewe, kilikuwa karakanani kikisubiri msumari mmoja.

Ukutani kibao kilisema: Ngazi ya Bwana Mkubwa, aliyeijenga mwenyewe.

Fundi alikisoma mara mbili. Bwana Mkubwa, yule mwenye mashamba ambaye, kwa masimulizi ya babu, hata chungwa alimenyewa.

"Aliijenga kwa mkono upi?" aliuliza.

Mwongoza wageni, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alijitetea kwamba kibao alikikuta, na watu hawaulizi. Fundi alipomsimulia habari za mpini, naye akapiga magoti, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na moja nasugua hapa," alisema polepole, "nikidhani ni doa la kahawa."

Fundi alimwomba Mwalimu simu aupige picha msumari kwa heshima ya babu. Yake ilikuwa imezima. Mwalimu alimpa huku akifuta macho. Kabla hajaupata ule msumari vizuri kwenye kioo, ujumbe ukateremka kutoka kwa mama yake Mwalimu:

"Mwanangu, shangazi zako wote nimeshawaambia. Wanamsubiri kwa hamu mkwe wangu msanifu majengo. Aje na ramani ya nyumba yake moja awaonyeshe."

Picha haikupigwa.

"Msanifu majengo ni nani?"

Mwalimu alisoma, akaanza kujikanyaga: ni neno tu, shangazi zake wana midomo, seremala na msanifu ni kazi ndugu, angerekebisha baada ya harusi. Fundi alimwacha amalize.

"Ndiyo maana ukaniambia nisizungumzie kazi mbele ya mama yako. Eti hapendi."

"Nilitaka wakupokee vizuri."

"Hiki kibao," Fundi alisema, akionyesha ukutani, "aliyekiandika ni mtu kama wewe. Hakumchukia babu. Alimwonea haya tu."

Alivua pete ya uchumba akaiweka juu ya kidato. Ililizunguka doa jeusi sawasawa.

"Kitanda cha msanifu majengo sitakipigilia msumari."

Mwalimu aliichukua simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Mama, nilikudanganya. Mchumba wangu ni seremala. Ana karakana, ana makovu mikononi. Niko juu ya ngazi iliyojengwa na babu yake, na ungeiona, mama, ungenyamaza."

Upande wa pili kijiko kiligonga kikombe, kikaacha.

"Mimi nimekusomesha kwa cherehani," mama alisema. "Miaka ishirini nashona sare za watoto wa wenzangu. Nani alikuambia naionea haya mikono iliyofanya kazi? Hiyo haya ni yako, baba, usinibambikie mimi."

Mwalimu aliishusha simu, akamtazama Fundi.

"Yupo hapo huyo mwenzio?"

"Nipo, mama," Fundi aliitika.

"Mlango wa chumba changu unakwama, mwaka wa pili huu. Na hao shangazi, huyo mjinga awapigie mwenyewe, mmoja mmoja."

Fundi alicheka bila kutaka. Lakini pete hakuigusa. Alimwacha Mwalimu ameketi kidatoni akianza na shangazi mkubwa, akashuka hadi chini kabisa. Pale akageuka, akavua viatu, akaipanda ngazi kwa niaba ya mtu aliyekatazwa kuipanda. Kila alipokanyaga, mbao ilimpokea bila mlio. Mzunguko wa pili alilazimika kusimama, kwa kuwa machozi yalimfichia njia.

Alipofika juu, Mwalimu alikuwa kwa shangazi wa nne, amepauka midomo. Mwongoza wageni alikuwa amekigeuza kibao na kukiandika upya nyuma kwa kalamu nene: Ngazi ya Babu Randa, seremala.

"Wakubwa watanigombeza," alisema. "Wacha wanigombeze."

Fundi aliinama akaichukua pete.

Jumamosi, shangazi wote wanne walijazana chumbani kwa maharusi, wakiwa wamenyamaza. Fundi, gauni limekunjwa hadi magotini, alitoa msumari aliouchonga kutoka mpini wa mpingo wa nyundo yake mwenyewe, akakamata kiganjani kile kichwa cha nyundo cha babu, akagonga mara tatu. Mama mkwe alisogea, akapitisha kidole juu ya kitone cheusi, taratibu, kama anayepapasa mshono ambao hajawahi kuuona.