Fundi Aliyeombewa Dua

Jumamosi asubuhi soko la Mgandini halina pa kutia mguu. Wauza machungwa ya Muheza wamemwaga magunia yao hadi barabarani, bajaji zinapiga honi migongoni mwa watu, na harufu ya samaki wa kukaanga inashindana na ya vitunguu. Katikati ya msongamano huo alikuwa akipita msichana wa baibui jeusi na ushungi wa zambarau, amekumbatia kitu kikubwa cha pembe nne kilichofungwa kwa kanga. Kila aliyemkaribia, msichana alimsukuma kwa kiwiko.

Mkokoteni wa mihogo ukampiga ubavuni. Akayumba. Mzigo ulipoanza kumponyoka, mikono miwili ikaudaka kwa chini.

"Pole, dada. Mtoto hajaumia?"

Msichana akainua macho. Mbele yake alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati la bluu limekunjwa mikono, na tabasamu la mtu anayejua kuwa amechekesha.

"Si mtoto. Ni kompyuta."

"Najua. Nimeona feni inachungulia kwenye kanga. Mtoto gani ana feni mgongoni?"

Msichana akacheka bila kutaka. Jina lake Khairat. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi za wanawake, zile sherehe za ndani ambazo mwanamume haruhusiwi kuingia, na Tanga nzima mama wenye binti wa kuozwa walikuwa na namba yake. Kijana aliitwa Jaku, mtu wa Wete, Pemba, fundi wa kompyuta katika duka moja la Ngamiani.

"Inaumwa nini?" Jaku akauliza.

"Ukiiwasha, taa zinawaka, feni inazunguka, lakini kioo cheusi tii. Hakioneshi hata herufi. Nilikuwa naipeleka kwa fundi wangu, nimemkuta kafunga."

"Uliinunua wapi?"

"Sikuinunua. Nimeiunda mwenyewe, kipande kimoja kimoja. Kasha la mtumba, vya ndani vingine nimeagiza Mombasa, vingine Kariakoo."

Jaku akamtazama upya. "Wewe mwenyewe? Na bisibisi?"

"Na bisibisi. Kwani bisibisi ina ndevu?"

Hapo ndipo moyo wa Jaku ulipotekwa. Akamwambia asizidi kuitikisa njiani, airudishe nyumbani. Pengine umeme wa nyumbani ndio mkorofi, bora aje aione hapo hapo inapokaa.

"Kwetu kuna shangazi," Khairat akaonya.

"Na aweko. Mimi naja kwa mgonjwa."

Alikuja jioni ile ile, baada ya swala ya alasiri, kanukia udi, mkoba wa vifaa begani. Nyumba ilikuwa Chumbageni, ya bati jekundu, na mlangoni kakaa Bi Mwanakhamis, shangazi yake Khairat, mjane mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mlango tunauacha wazi, usione vibaya. Joto."

"Hata kwetu joto," Jaku akajibu, na bibi yule akaficha kicheko ndani ya upindo wa leso.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya pembeni, ubavu wake mmoja wazi. Khairat akamweleza kila alichojaribu, kisha shangazi akamtuma jikoni akamletee mgeni chai. Jaku akaingiza vidole, akachomoa ram, vile vijiti viwili vya kumbukumbu ambavyo bila hivyo kompyuta haioneshi kitu. Akavigeuza kwenye mwanga. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia kwa hewa ya chumvi. Ugonjwa huo aliujua, mashine nyingi za pwani huupata. Akatoa kifutio cha penseli, akayasugua, akavirudisha, akawasha.

Kioo kikawaka.

Jikoni Khairat alikuwa akiimba huku vikombe vikigongana. Jaku akasikiliza. Kazi imekwisha kabla hata ya chai kuja. Atakunywa, ataambiwa ahsante, na kwa shangazi kama yule, mwanamume asiye na kazi ndani ya nyumba hana sababu ya kurudi. Akabonyeza kitufe, akazima. Akavivuta vile vijiti juu kidogo tu, visibane.

"Vipi?" Khairat aliingia na sinia.

"Bado," Jaku akasema. "Tatizo lake lina undani. Itabidi nirudi kesho."

"Nakuomba usichelewe basi. Kuna harusi ndani yake, na wenyewe wana haraka."

"Nani?"

Khairat akasita. Aliwajua mafundi, ukisema kazi ni ya ndugu wanaiweka nyuma ya kazi zote. "Wateja," akasema.

"Maharusi wote wana haraka."

Basi akawa anakuja. Siku moja alileta kioo kingine cha kujaribia, siku nyingine waya, siku nyingine kile kisanduku cha umeme. Khairat alishika tochi, Jaku akishika bisibisi, na vichwa vyao vikikaribiana sana Bi Mwanakhamis alikohoa.

"Fundi, unaijua kazi kweli?" Khairat alimtania. "Au ulisomea kushona viatu?"

"Mashine yako ina kiburi kama mwenyewe. Yataka kubembelezwa."

"Bembeleza basi."

"Nabembeleza. Hujaona?"

Khairat akainamisha uso, tochi ikamulika ukutani.

Mchana simu zikaanza. "Umekula?" "Nimekula. Wewe?" "Mie nitakulaje na sauti yako sijaisikia?" "Acha uongo, Jaku, nasikia unatafuna." Jaku alimwita roho. Khairat alimwita yakhe, kwa kumuiga lafudhi ya Kipemba, na Jaku akacheka hadi wenzake dukani wakageuka. Siku moja alimwambia, bila mzaha, "Kaka yangu mkubwa yuko Pemba. Ijumaa anavuka kuja. Nataka nimlete kwa Bi Mwanakhamis."

Kisha Khairat akasema polepole, "Mlete."

Hiyo ndiyo hesabu ya Jaku. Ijumaa kaka atazungumza, na jioni ile ile yeye ataiwasha mashine, nyumba iwe na furaha mbili. Lakini siku iliyofuata Khairat aliuliza swali lililomkausha mate.

"Jaku, kwa nini usiitoe diski tu? Uitie kwenye kompyuta ya dukani, mie niimalizie video huko. Wenyewe wamenipigia tena."

Lilikuwa swali la mtu anayejua. Ingechukua muda wa kunywa kahawa.

"Sijui bado umeme gani umepita mle," Jaku akasema, macho kwenye nyaya. "Diski ikipigwa inafutika yote. Utapoteza harusi ya watu. Vumilia, mpenzi. Ijumaa hii."

Akamwamini. Kwa nini asimwamini?

Asichokijua Jaku ni hiki. Harusi iliyokuwa ndani ya ile diski ilikuwa ya Mwanasha, mdogo wake Khairat. Wote wawili walilelewa na bibi yao, Bi Tuhfa, kijijini Moa, baada ya mama yao kufariki. Bibi alikuwa amevimba miguu na moyo umechoka, hakuweza kusafiri kuja Tanga mjini mjukuu wake aolewe. Siku moja kabla ya sherehe alimshika Khairat mkono. "Basi niletee harusi humu chumbani," alimwambia. "Nataka nimwone mwanangu akipambwa." Mwanasha alimwonesha picha kwenye simu, bibi akaisukuma. Macho yake hayakushika vitu vidogo. Alimtaka Khairat aje na kioo kikubwa, na Khairat akaahidi. Kila siku bibi aliulizia.

Alhamisi asubuhi Mwanasha alipiga simu. Khairat aliipokea akipiga pasi baibui la kuvaa siku ya wageni.

"Dada," Mwanasha akasema, kisha hakuweza kuendelea. Nyuma yake wanawake walikuwa wakilia.

Khairat alifika Moa juu ya bodaboda, vumbi limemjaa nyusi, akakuta Bi Tuhfa kashaoshwa. Alimbusu paji la uso. Lilikuwa baridi na linanukia karafuu. Akakaa matangani na wenziwe, na mchana walipomletea chakula alikitazama tu.

Jaku alizipata habari kwa Bi Mwanakhamis. Alimpigia Khairat simu ya pole, akamwombea marehemu, akamwambia kaka yake asivuke kwanza, na kwa kuwa msiba ulikuwa wa bibi na mashine ilikuwa ya wateja, hakuunganisha.

Baada ya hitima Khairat akarudi mjini. Jaku akaja mchana, amevaa kanzu nyeupe, hakubeba mkoba. Alitaka kumwondolea angalau mzigo mmoja. Khairat alikuwa amekaa sakafuni karibu na dirisha, kanga nyeusi kichwani, macho mekundu.

"Pole, roho yangu."

"Nimeshapoa."

"Leo itawaka," Jaku akasema. "Angalau kazi ya watu utaimaliza."

Akaenda mezani. Akaingiza mkono ndani ya kasha, akakandamiza vijiti viwili hadi vikalia tk, tk. Akabonyeza. Kioo kikawaka, na video iliyoachwa nusu ikajitokeza: Mwanasha, mikono imejaa michoro ya piko, kapambwa maua ya asumini kichwani, anacheka.

Jaku akageuka na tabasamu. Khairat hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akimtazama yeye.

"Jaku."

"Naam."

"Hujajaribu waya. Hukuomba tochi. Hata mkoba hukuja nao." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umekwenda moja kwa moja."

Jaku akajishika begani, mahali pa mkoba.

"Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Uongo mmoja ulikuwa tayari ulimini, kwamba jana usiku amekumbuka, kwamba rafiki amemwelekeza. Lakini alimtazama usoni akaona hawezi tena.

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Iliwaka ulipokuwa jikoni. Nikaizima. Nilitaka... Khairat, nilitaka nirudi kukuona. Sikuwa na njia nyingine ya kuuvuka mlango huu. Wallahi Ijumaa ile ndipo ningekwambia, siku yetu."

"Na diski?"

"Diski haikuwa na ubaya wowote."

Mlangoni Bi Mwanakhamis alikuwa ameacha kujipepea.

"Hiyo si harusi ya wateja," Khairat akasema. "Yule ni Mwanasha, mdogo wangu. Bibi alikuwa anaingoja. Mwanasha kaniambia, usiku ule wa mwisho bibi aliuliza, harusi yangu imefika? Wakamwambia bado, bibi, iko kwa fundi, fundi anahangaika nayo kila siku. Unajua alisema nini?"

Jaku akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshamshuka.

"Akainua mikono akakuombea dua. Alisema, Mwenyezi Mungu ambariki fundi huyo, amlipe kwa taabu yake. Ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika. Wewe, Jaku. Alikuombea wewe."

Jaku akapiga magoti palepale sakafuni. Alisema nisamehe, akasema sikujua, akarudia sikujua, hadi Bi Mwanakhamis aliponyanyuka akaja kumshika bega, si kwa ukali.

"Nenda, mwanangu," shangazi akamwambia. "Leo hapa hapasemeki kitu."

Alikwenda. Wiki ile hakupiga simu. Alipanda bodaboda hadi Moa, akajitambulisha kwa Mwanasha na wajomba, akasema yeye ndiye fundi na akaeleza alichofanya, chote. Mjomba mmoja alitaka kumpiga. Mwanasha alimzuia, akampeleka Jaku makaburini, akamwacha peke yake na kaburi la udongo mbichi. Alikaa huko hadi jua likamchoma shingo.

Baadaye kaka yake alikuja Tanga, akaenda Chumbageni, akapeleka posa kwa adabu zote. Bi Mwanakhamis alimsikiliza, akasema jibu ni la Khairat.

Jibu likaja kwa simu, siku ya harusi ya watu huko Raskazone. Khairat alikuwa nje ya ukumbi, kwenye kivuli cha ukuta, gauni la kijani limemfika miguuni, kamera imemning'inia shingoni. Jaku alikuwa bandarini na begi lake. Alikuwa ameacha kazi dukani, na boti ya Pemba ilikuwa ikipakia.

"Khairat, kabla sijapanda. Niambie kwa kinywa chako."

"Nilipata habari ulikwenda Moa," akasema. "Siku ile ile nilikusamehe. Sina kinyongo, Jaku."

"Basi kwa nini, roho?"

Ndani wanawake walikuwa wamepokea wimbo.

"Nimejaribu," akasema. "Nimejiona nyumbani kwako, nakupikia, unanitania, nacheka. Na kila nikijiona nacheka namwona bibi kakaa kitandani kauelekea mlango. Kukusamehe nimeweza. Kufurahi na wewe ndiyo sitoweza, na nisipofurahi na wewe nitakuwa nimekuonea."

"Mie nitakaa hata bila ya furaha. Nikuone tu."

"Ndivyo ulivyotaka mwanzo," akasema kwa upole, "unione tu."

Khairat alisikia upepo kwenye simu, na sauti ya mtu akiita abiria. Alitaka kusema jambo jingine, kwamba tangu siku ile hajapata kumwita mtu yakhe, kwamba shati la bluu likipita barabarani mwili unamshtuka. Akalimeza.

"Umekula?" akamuuliza.

"Sijala."

"Kula kabla hujapanda. Bahari itakuchafua tumbo."

"Nitakula. Kwaheri, Khairat."

"Safiri salama, Jaku."

Alishusha simu. Mlango wa ukumbi ukafunguka, mama mmoja mwenye gauni la dhahabu akatoa kichwa. "Mpiga video! Bi harusi anaingia, wewe umesimama nje?" Khairat akachukua ncha ya ushungi, akajipangusa uso mara mbili, akaingia ndani kwenye vigelegele. Bi harusi alikuwa msichana mdogo anayetetemeka. Pembeni yake kikongwe kimoja kimekalishwa kwenye kiti, shingo imenyooshwa kutafuta kuona. Khairat akapiga goti mbele ya kikongwe yule, akageuza kile kioo kidogo cha kamera upande wake, akamsogezea karibu kabisa na macho.

"Unamwona, bibi?"

"Namwona," kikongwe akasema. "Namwona, mwanangu. Usikiondoe."

Khairat hakukiondoa.