Kibanda Kilichooza Chini ya Rangi

Kila asubuhi, baada ya chai, Wilf Hepple na mkewe Audrey walipanda kilima kwenda bustanini. Ujanani Wilf alikuwa mchimba makaa ya mawe, na sasa magoti yake yalikuwa yamechoka. Audrey alipunguza mwendo kwa ajili yake. Alijifanya anatazama maua ya watu.

Bustani yao ilikuwa moja ya bustani arobaini za kukodi zilizosimamiwa na chama. Walilima liki, zile jamii ya vitunguu zenye majani marefu, pamoja na viazi na vitunguu. Pembeni kulikuwa na kibanda cha mbao cha rangi ya kijani. Humo waliweka majembe, mbegu na viti viwili. Bila kibanda, wangebeba vifaa kutoka nyumbani kila siku, na magoti ya Wilf yasingekubali.

Siku moja mwanzoni mwa Agosti walikuta karatasi mlangoni. Ilitoka kwa Bwana Liddell, katibu wa chama. Audrey aliisoma kwa sauti: "Kibanda chenu kimeoza. Kitengenezeni kabla ya Jumamosi ya mwisho ya Septemba. La sivyo, kitabomolewa."

"Kimeoza?" Wilf alifoka. "Macho yake ndiyo yameoza! Nakipaka rangi kila Pasaka. Miaka kumi na tisa!"

Audrey aliikunja ile karatasi. Alikuwa ameona unyevu kwenye mifuko ya mbegu tangu majira ya baridi. Hakutaka kumuumiza mumewe.

"Kikibomolewa, basi," Wilf alisema. Sauti ilishuka. "Tuwape watu wengine bustani. Mimi nikae dirishani nihesabu magari."

"Hakibomolewi," Audrey alisema. "Nenda kamwite Connie."

Connie Raine alilima bustani ya jirani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mbao. Alikuja na bisibisi mfukoni na chupa ya chai kwapani. Kabla ya yote alimmiminia Wilf chai. Kisha akapiga magoti nyuma ya kibanda.

"Jamani, mmekirembesha kama bibi harusi," alisema.

"Rangi ya mafuta," Wilf alijigamba. "Ya kung'aa. Nzito."

Connie alisukuma bisibisi kwenye ubao wa chini. Ilizama hadi kwenye mpini, kama kisu kwenye keki. Wilf akaweka chai yake chini.

"Ulipaka vizuri, Wilf. Mkono wako ni safi," Connie alisema taratibu. "Ila Pasaka mbao bado zina maji ya majira ya baridi. Ukipaka juu ya mbao mbichi, unafungia maji ndani. Yanatafuta pa kutokea, hayapati. Ubao unaoza gizani, na nje unang'aa."

"Kwa hiyo nimekiua mwenyewe?"

"Hujakiua. Paa na kuta za juu ni nzima. Ugonjwa uko miguuni. Na hili hapa ni la nani?" Alionyesha lundo la mboji lililoegemea ukuta.

"Langu," Audrey alisema. "Nililiweka hapo lipate joto."

"Nalo lilikuwa linakinywesha maji usiku na mchana, kipenzi."

Wilf alimtazama mkewe. "Kumbe tulikuwa wawili!" Wote watatu wakacheka.

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Audrey alihamisha mboji kwa toroli, safari baada ya safari, mpaka ukuta ukabaki wazi. Connie aliwaambia waache nafasi ya mkono mzima kuzunguka kibanda, ili upepo upite. Walitoa vitu vyote ndani.

Kesho yake Connie alileta jeki ya gari. Aliiweka juu ya ubao mnene isizame udongoni.

"Tunainua pembe moja moja, kidogo kidogo," alisema. "Na mtu asiingize mkono chini. Kibanda hakina huruma."

Kila pembe waliilaza juu ya tofali, na tofali juu ya kibamba cha saruji. Kati ya tofali na mbao waliweka kipande cha karatasi ya lami, ili unyevu wa ardhini usipande. Boriti moja ya sakafu ilikuwa imekuwa unga. Walitia mpya. Mbao za chini zilizooza walizikata, wakapigilia nyingine.

Kisha ikaja kazi ya kuchosha: kukwangua rangi. Wilf aliketi kwenye kiti, akakwangua ubao mmoja baada ya mwingine. Iliondoka kwa maganda, kijani juu ya kijani.

"Pumzika, mzee wangu," Audrey alisema siku ya nne.

"Niliipaka mimi, nitaitoa mimi."

Audrey alivuta kiti cha pili, akaanza kukwangua upande wake.

Waliacha mbao zikauke kwa wiki mbili za jua. Mvua ilipotishia, walizifunika kwa turubai. Ndipo wakapaka dawa ya mbao, ile nyepesi inayozama ndani. Walipaka mara mbili.

"Ncha za mbao zinyweshe zaidi," Connie alikumbusha. "Ubao hunywa maji kwa mdomo, na mdomo wake ni ncha."

Mwisho walifunga gata kwenye ukingo wa paa, maji yaende kwenye pipa. Walitoboa matundu mawili juu ya ukuta kwa ajili ya hewa, wakayaziba kwa wavu panya wasiingie.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bwana Liddell alikuja na mwavuli. Alizunguka kibanda, akainama, akachungulia chini. Akaingia ndani, akapapasa sakafu kwa kiganja. Wilf alisimama mlangoni, mkono wake ndani ya mkono wa Audrey.

"Pakavu," katibu alisema. "Kibanda changu mimi kinavuja. Nani kawafundisha?"

"Connie," walisema pamoja.

"Basi na mimi nitamwomba. Ninyi endeleeni."

Tangu hapo, kila mwisho wa kiangazi Wilf na Audrey hukikagua kibanda chao. Huzoa majani kwenye gata, hutia mafuta kwenye bawaba, na hupaka dawa palipopauka, mbao zikiwa kavu. Ni kazi ya siku moja.

Machi iliyofuata, baada ya theluji, mbegu zote zilikuwa kavu. Asubuhi moja Wilf alipanda kilima akiwa amebeba mche wa tufaha uliofungwa kwa gunia.

"Huo utazaa lini?" Audrey aliuliza.

"Wamesema miaka minne. Labda mitano."

Audrey aliutazama mche, kisha akamtazama mumewe.

"Haya, chimba shimo," alisema. "Mimi nilete maji."