Unga wa Kaseka

Teodora alimsugua mumewe uso kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikang'aa, lakini maji ya beseni yalibaki safi. Alilisogeza beseni kwenye mwanga wa mlangoni. Ua jekundu lililochorwa chini yake lilionekana lote. Ule unga mweupe aliokuwa amejipaka Placidi tangu asubuhi, kuanzia paji la uso hadi kooni, haukuwa ndani ya maji, haukuwa kwenye kitambaa, haukuwa popote.

"Umeulamba?" alimtania.

"Niulambe hadi wa kwenye paji la uso?"

Wakacheka wote wawili. Hata hivyo Teodora alikwenda kuyamwaga yale maji mbali, nje ya uzio.

Placidi alikuwa dereva wa bodaboda pale Mbinga mjini, na siku ambazo abiria ni wachache aliigiza kwenye filamu za Wendelin, fundi simu aliyejiona mwongozaji mkubwa kwa sababu tu alikuwa na simu yenye kamera nzuri na mdomo usiochoka. Katika filamu ya kwanza alipewa nafasi ndogo: chale anayetokea harusini, anachekesha watu, kisha anamchinja bwana harusi. Suruali ya miraba walipata mitumbani, nywele wakatengeneza kwa nyuzi nyekundu za kusukia, puani wakabandika kifuniko cha chupa. Rangi ya uso ndiyo iliyokosekana. Placidi akaenda kijijini Ukata kwa bibi yake, Walburga, akachota unga kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko bila kuomba ruhusa.

"Huyu chale anaitwa nani?" aliuliza Wendelin.

"Kaseka," Placidi akajibu. Alilisikia jina hilo utotoni, wala hakukumbuka wapi.

Watu wa kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu, hawakumjali bwana harusi. Walimtaka chale. Filamu ilipoisha walipiga mabenchi wakiita Kaseka, Kaseka, mpaka mwenye kibanda akairudisha nyuma. Wendelin naye si mjinga. Filamu ya pili ilikuwa ya Kaseka mwanzo mwisho, akiua watu kwa jembe mlimani na kuwafukia kwenye ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo hulimia mahindi. Vijana waliinakili simu kwa simu, ikashuka hadi ziwani. Placidi akawa anapigiwa honi barabarani, na alipenda. Nani asingependa?

Nyumbani, lakini, kulianza kunuka usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa wakanyeshewa, ilhali jikoni kwa Teodora hapakuwa na hata mwiba wa samaki. Placidi alicheka usingizini, kicheko chembamba kilichoanzia kifuani kwake na kumalizikia nyuma ya mlango. Mchana mmoja Teodora alimkuta uani ameshika jogoo aliyemng'oa kichwa kwa meno, damu inamchuruzika kidevuni, manyoya yamemganda mdomoni, naye anatafuna taratibu huku akimtazama mkewe kwa upole wa mtu aliyekaa mezani kwake. Teodora alirudi ndani akafunga mlango. Kesho yake alipanda gari la Ukata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

Teodora akaeleza. Alipofika kwenye unga, Bibi Walburga aliinuka, akakiteremsha kile kibuyu, akachungulia ndani, kisha akakaa chini kwa uzito.

"Babu yenu alivua ziwani ujanani, akarudi na jini," alinong'ona. "Jini wa kucheka. Babu alipokufa, jini akabaki anatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Ndiyo maana kila mwaka, kabla hatujachuma kahawa, namimina unga kaburini, namtaja jina, namwambia: Kaseka, kula hapa, nyumbani usije. Padri ananigombeza, naungama, mwaka ukifika namimina tena. Placidi alikuwa ananishikia kibuyu akiwa mdogo."

"Lakini Bibi, yule ni chale wa filamu tu."

"Unga peke yake ni ugali. Jina peke yake ni maneno tu. Ukiviweka pamoja, umemkaribisha mgeni. Mume wako amejipaka chakula usoni, halafu watu wote wakamwita mlaji. Amejifanya sahani, mwanangu."

Teodora akaanza kulia. Bibi alimfungia unga uliobaki kwenye kitambaa cha kichwa chake mwenyewe.

"Umwage chini mbele yake, umwambie ale hapo. Jini akiinama kula, atamwachia mumeo. Nenda upesi, sahani ikishalambwa huvunjwa."

Siku hiyo Wendelin alikuwa amelipeleka kundi zima Chiwanda, ufukweni mwa ziwa, kupiga picha za filamu ya tatu. Teodora alifika jua la utosi. Michael, mkausha dagaa wa pale pale aliyeomba mwenyewe kuuawa kwenye filamu, alikuwa amelala mchangani na mfuko wa juisi nyekundu ya rosela umefichwa chini ya kola, anacheka na wenzake. Placidi alisimama pembeni, uso mweupe, mkononi panga la mbao lililopakwa rangi ya fedha.

"Kaka Wendelin, simamisha! Usimwite!"

"Shemeji, tulia kidogo tumalize sini hii." Akainua simu. "Kaseka! Njoo!"

Akaja, hakukimbia, alikuja akirukaruka kama mtoto anayetumwa dukani, na alipomfikia Michael alimkalia kifuani, akalipitisha lile panga la mbao shingoni mara moja, na mbao ikaingia, ikaingia hadi mfupa, damu ikaruka juu kuliko juisi yoyote inavyoweza kuruka, ikampiga Wendelin kwenye shati naye bado anapiga kelele "Safi! Usiache, endelea!", na Michael akakamata mchanga kwa mikono yote miwili na kukoroma kupitia lile tundu jipya, huku yule mweupe akiingiza vidole ndani, anavuta, anafungua, anacheka kile kicheko chembamba kilichotoka kwake na kutoka majini kwa wakati mmoja, mpaka wavuvi waliokuwa wakitazama wakaanza kukimbia, na Wendelin akaelewa, na simu ikamtoka mkononi ikaanguka ikiwa inarekodi.

Kaseka akainua kichwa. Akamtazama Teodora.

 Teodora alikifungua kitambaa kwa meno, na lile panga lilipopanda juu ya kichwa chake alimwaga unga mchangani, wote.

"Kula hapa," alisema. "Kula hapa, Kaseka. Nyumbani usije."

Panga likashuka likamkata bega. Kisha yule mtu akapiga magoti, akalamba, unga na mchanga na damu, akilia kwa njaa, na alipolamba punje ya mwisho kitu fulani kilipita juu ya maji kikicheka na kuyakunja mawimbi kuelekea ndani. Uso wa Placidi ulikuwa safi kabisa.

"Teo," alisema, akimtazama Michael. "Nani amemfanyia hivi ndugu yetu?"

Teodora alimkumbatia kwa mkono mmoja mzima mpaka polisi walipofika.

Sasa Placidi yuko mahabusu, anasubiri kesi ya mauaji, na kila siku anamuuliza mkewe swali lile lile. Wendelin aliikabidhi simu kwa polisi kama raia mwema. Hakuwaambia kwamba alishainakili ile video kwanza, mbwa yule. Watu walipotangaziwa kwamba Kaseka wa filamu ya tatu ameua kweli, Teodora alikwenda kibandani kuwasihi wasiionyeshe, bega bado limefungwa bandeji.

Alikuta foleni imezunguka jengo. Vijana wa bodaboda, wauza mitumba, wanafunzi, mama mmoja na mwanawe mgongoni. Wote wamejipaka unga wa sembe usoni, wanacheka, wanapiga mikono ukutani na kuita jina kwa sauti moja. Alipiga kelele wasiite. Wakadhani ni sehemu ya burudani, wakampigia makofi. Hewa ilinuka usipa.

Kijana mmoja aliwashwa na unga, akatoka kwenye foleni kwenda kunawa kwenye ndoo iliyokuwa chini ya bomba. Alinawa vizuri, kwa mikono miwili, akajifuta kwa fulana, akamtabasamia Teodora kwa upole, akarudi kwenye foleni.

Teodora akasogea, akachungulia ndani ya ndoo. Maji yalikuwa safi.