Halua Isiyoungua

Mzee Marijani alikutwa kifudifudi jikoni kwake Temeke, damu imemkauka kisogoni, mchi wa kinu kando yake. Ilikuwa masika ya mwaka 1953. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, na jiko zima lilinuka hiliki na mauti.

"Nani alimwona kwanza?" aliuliza Inspekta Revelian.

"Mie," alijibu Mwanabaraka, mjane wa marehemu. "Asubuhi nimemwacha ndiyo kwanza anainjika halua, nikaenda harusini Kinondoni. Halua ya harusi hiyohiyo. Alasiri nimerudi kuichukua, nimemkuta hivi."

Daktari aliukagua mwili. Ulikuwa umekwisha kukakamaa. Mzee alikufa tangu asubuhi, alisema, kwa pigo moja la kitu kizito.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na Mwinjuma, msaidizi wake. Mwezi uliopita alitaka kuondoka akajitegemee. Mume wangu akamkumbusha mkataba aliotia dole gumba: akiondoka, asipike halua popote Dar es Salaam miaka kumi."

"Miaka kumi! Anakula nini?"

"Tangu aondoke anabeba magunia bandarini. Bwana, msaidizi wetu wa kwanza aliondoka na wateja wote, tukalala njaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Revelian alimwelewa marehemu, lakini ile miaka kumi ilimchukiza. Umfundishe mtu kazi moja tu maishani, kisha umkataze hiyohiyo?

Aliinamia sufuria. Kuni zilikuwa zimetolewa mafigani. Alipitisha mwiko mpaka chini. Halua ilikuwa nzito, inang'aa, haikushika popote.

Konstebo Albano alimleta Mwinjuma, amelowa, viganja vimejaa malengelenge.

"Ulifika hapa leo?"

"Asubuhi, Bwana. Nilimwomba anifungue na ule mkataba, akakataa. Nilimwacha mzima, anasonga halua."

"Mtu akiiacha motoni kidogo, inakuwaje?"

"Inashika palepale!" Mwinjuma alichangamka. "Ukigeuka kupenga kamasi tu, imeungua. Inataka mkono mpaka adhuhuri."

"Mzee alikufa asubuhi. Hii imeiva, na haikuungua: kuna aliyeisonga baada yake. Mama, nani mwingine alifundishwa kazi hii?"

"Hakuna," alisema Mwanabaraka taratibu. "Yule wa kwanza alikwisha kufa, na baada yake hakumwamini mtu ila Mwinjuma."

Wote walimtazama Mwinjuma.

"Nilimpigia magoti," alisema. "Akanikamata mkono huu. Akasema, 'Mkono huu nimeufundisha mimi, ni wangu. Kabebee magunia.' Nikaokota mchi."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nilifika mlangoni. Nikaisikia halua inatokota, haina mtu. Ni ya harusi ya watu, Bwana. Nikarudi."

"Ukasonga, na maiti iko miguuni pako?"

"Nilisonga nikilia. Lakini mwezi mzima nilikuwa sijashika mwiko, na mkono uliutamani."

Kesi ilikuwa imekwisha, na moyo wa Revelian ulikuwa mzito kuliko alipoingia. Alimwashiria Albano, pingu zikafungwa juu kidogo ya yale malengelenge.

Mlangoni Mwinjuma aligeuka. Hakumtazama Inspekta.

"Mama," alisema, "imetoka vipi?"

Mwanabaraka alichovya kidole katika sufuria, akaonja.

"Imetoka nzuri, mwanangu," alisema. "Nzuri kuliko yake." Kisha akajifunika uso kwa kanga, akaangua kilio.