Gunia la Lamiso Lamwagwa Jamvini

Kila asubuhi Dangure alimkatia binti yake Tarikua kipande cha mkate wa wasa. Kisha alimsindikiza kwa macho hadi mtoni, akienda shule. Mvua ikizidi, Tarikua alirudi nyumbani, kwa kuwa mto haukuwa na daraja. Mwaka uliopita mtihani ulimpita hivyo, akalia siku nzima.

Kahawa ilipoanza kuiva, Lamiso, mume wa Dangure, alichuma harakaharaka, mbivu na mbichi pamoja. Mbichi alizitia chini ya gunia, mbivu akazipanga juu.

"Baba Tarikua, ushirika tuliojiunga nao juzi tunaupelekea hizi?" Dangure aliuliza.

"Mbona mchuuzi Hameso tunamuuzia hivi miaka yote? Yeye anatuibia kwenye mizani, sisi tunamwibia kwenye gunia. Ngoma droo!"

Njia ya mwongo ni fupi. Mpokeaji wa kahawa pale ushirika alikuwa Shitaye, mke wa kaka yake Lamiso. Alilimwaga gunia lote jamvini, mbele ya watu.

"Shemeji, na hizi za kijani zimeiva?"

Watu walicheka.

"Unaniaibisha, shemeji! Mimi si wako?"

"Wangu, ndiyo maana nakwambia. Hapa hatuibiani. Mizani hiyo, isome mwenyewe. Wanunuzi wetu wameahidi bei isiyoshuka chini ya kiwango, hata soko likianguka. Tena wanatoa fungu la ziada kwa ajili ya wanachama wote. Mkutano ndio unaoamua litumike wapi. Mbichi zako zikiharibu kahawa ya wenzako, wanunuzi watatukimbia."

Dangure alidakia, "Fungu hilo linaweza kujenga daraja?"

"Simama mkutanoni uombe. Wewe pia ni mwanachama."

Lamiso alipiga magoti, akaanza kuchambua. Mkewe akainama kando yake.

Tangu hapo walichuma mbivu tu, mti mmoja wakiurudia tena na tena. Kazi ilikuwa ngumu, tusidanganyane. Siku ya mkutano Dangure alisimama, akaeleza jinsi mto ulivyomkosesha Tarikua mtihani, akaomba daraja. Mikono ikainuka ukumbi mzima.

Msimu uliofuata mvua ilikuwa kubwa, mto ukafurika. Tarikua alipita juu ya mbao mpya za daraja, akageuka, akampungia mama yake mkono. Dangure alilia kwa furaha.

Lamiso hakuwepo kuona. Alikuwa ushirika, akilimwaga gunia lake jamvini kabla Shitaye hajamwambia.